Nyuzi za viwandani Kindu: sheria, jua na maji

Bangi ya viwandani ni aina za mmea wa bangi zilizochaguliwa kwa kuwa na THC kidogo mno, yaani ile kemikali inayolevya, ambayo kwa vipimo vya Marekani na Umoja wa Ulaya haipaswi kuzidi asilimia 0.3. Ingawa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya haugusi kilimo chake cha nyuzi na mbegu, nchini Kongo amri ya kupiga marufuku bangi ilitolewa tangu mwaka 1903, hivyo anayepanda bila kibali cha serikali, hata kama mbegu yake hailevyi, hujitia hatarini.

Kikwazo kikubwa zaidi, kisichozungumzwa vya kutosha, ni jua lenyewe. Aina nyingi za Ulaya hurefuka katika siku ndefu za kiangazi na kuchanua siku zinapofupika. Kindu, iliyo takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, hupata mchana wa karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea huo huchanua ungali mfupi, na shina fupi halina nyuzi za kulipia hata palizi.

Ndiyo maana ni busara kuanza na urena, iitwayo pia juti ya Kongo, mmea wa ukoo wa pamba na bamia, ambao huota wenyewe kando ya njia na ambao mbegu zake zenye vikulabu hunasa nguoni mwa wapita njia. Enzi za Wabelgiji ulilimwa kwa ajili ya magunia, hasa magharibi mwa nchi. Hupandwa kwa kubanana ili mashina yanyooke bila matawi, kisha hukatwa unapoanza kuchanua, kiasi cha sentimita 20 juu ya ardhi, kwa kuwa sehemu ya chini imekwisha kukomaa kama mti na nyuzi zake hazibanduki. Mashina hufungwa mafungu, huachwa yapukutike majani, halafu huzamishwa majini ili bakteria walainishe gundi inayoshikilia nyuzi, kazi inayofanana na kuloweka mihogo michungu, ila ni ndefu zaidi. Gome likianza kubanduka kwa wepesi, nyuzi huoshwa na kuanikwa mara moja, maana kuchelewa hudhoofisha uzi wenyewe.

Maji hayo huishiwa oksijeni na huweza kuua samaki, hivyo bwawa la kuchimbwa lafaa kuliko kijito. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya shina ni kijiti kisicho na nyuzi, kazi yote ifanyike kando ya shamba, marobota makavu tu yapelekwe Kindu, penye stesheni ya reli na bandari ya mto Lualaba, kwa mnunuzi aliyepatikana kabla ya kupanda, kwani magunia ya plastiki yamekwisha kuteka soko.