Tezi ya Shingo, Muhogo na Chumvi katika West Nile

Mfumo wa homoni umeundwa na tezi zisizo na mirija, yaani tezi zinazomwaga kemikali zake moja kwa moja ndani ya damu, na kemikali hizo, ziitwazo homoni, husambaa mwilini kote zikiongoza ukuaji, uzazi, matumizi ya sukari na mapigo ya moyo. Kongosho ikishindwa kutoa insulini ya kutosha, kwa mfano, hutokea kisukari. Kwa wakazi wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, hata hivyo, tezi inayostahili kuelezwa kwa kina zaidi ni tezi dundumio, iliyoko mbele ya koo, kwa kuwa afya yake imefungamana na udongo wanaoulima na chakula wanachokipika.

Tezi hiyo hutengeneza thairoksini, homoni ambayo kila molekuli yake hubeba atomi 4 za iodini, yaani madini joto. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250. Thairoksini inapopungua katika damu, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya kuihimiza tezi dundumio iongeze kazi, na thairoksini inapotosha, himizo hilo hupungua. Iodini isipopatikana himizo halikomi, nayo tezi huongeza seli zake mwaka hadi mwaka ili inase hata kile kidogo kilichopo, mpaka shingo ikavimba na kuwa na rovu.

Arua iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, ambako ndiko iodini ya dunia imejikusanya kwa wingi, na katika maeneo mengi ya bara mvua imeiosha kutoka kwenye udongo. Ng'ambo ya mpaka, eneo la Uele nchini Kongo limejulikana kwa muda mrefu kwa wingi wa marovu. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Kibelgiji tangu miaka ya 1960 katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ulibaini jambo la kushangaza: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilienea kaskazini na kuwa nadra kusini-magharibi. Tofauti hiyo ilihusishwa na muhogo. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo hutoa sianidi. Mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosianati, nayo thiosianati huizuia iodini isiingie katika tezi.

Haifuati kwamba enyasa, yaani ugali wa muhogo, iachwe, kwani muhogo ndio uti wa mgongo wa chakula cha West Nile, na mtu anayepata iodini ya kutosha hadhuriki kwa njia hiyo. Kinachotakiwa ni muhogo mchungu uchachushwe na kuanikwa mpaka ukauke barabara, jambo linalorukwa hasa wakati wa njaa, pale ambapo familia haiwezi kungoja.

Hasara kubwa kuliko zote haionekani shingoni. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea thairoksini, ya mama yake kwanza, na upungufu mkali humwachia ulemavu wa akili usioponyeka. Kwa sababu hiyo Uganda iliagiza katika miaka ya 1990 kwamba chumvi ya kula itiwe iodini, hatua yenye thamani kubwa kuliko dawa nyingi, ingawa manufaa yake hupotea chumvi inapoachwa wazi ikapata unyevu.

Ipo tahadhari moja. Katika eneo la Kivu na nchini Zimbabwe, chumvi yenye iodini ilipoenea katika miaka hiyo ya 1990, baadhi ya watu, hasa wenye marovu ya zamani, walipatwa na ziada ya thairoksini, ambayo huleta kukonda, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Chumvi hiyo inabaki kuwa ya lazima, lakini mwenye rovu asijitibu kwayo. Aende hospitali apimwe damu, na mjamzito atangulie wote.