Viwavi Wenye Manyoya: Hatari kwa Afya na kwa Bustani

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno kiwavi hutumika kwa lava wa nondo na vipepeo wa aina nyingi zinazotofautiana kwa umbo na tabia. Kiwavi mwenye manyoya, ambaye pia huitwa washawasha kutokana na kitenzi washa, huwekwa kundi moja na kiwavijeshi anayeshambulia mahindi. Makala hii inafafanua kwamba hatari kwa mwili wa binadamu na hatari kwa mazao mara nyingi hutokana na wadudu tofauti. Kuzichanganya hatari hizo huzaa hatua za udhibiti zisizofaa.

2.0 Madhara kwa Afya

Si kila kiwavi mwenye manyoya anawasha. Manyoya marefu yanayoonekana kwa urahisi huweza kuwa kinga tu dhidi ya ndege na wadudu wengine. Kwa viwavi wa kundi la Thaumetopoeinae, mwasho hutokana na vinywele vifupi visivyofikia nusu milimita, vyenye vimiba vinavyonasa ngozini na vinavyokatika kwa wepesi. Protini iliyomo huchochea mwili kutoa histamini, na hapo hutokea mwasho, vipele na uvimbe. Vikiingia machoni, vinywele huweza kupenya konea; vikivutwa pamoja na hewa, huweza kuleta kikohozi na kuzidisha pumu.

Jambo la msingi ni kwamba vinywele hivi huendelea kuwasha hata baada ya kiwavi kufa. Hubaki katika magamba aliyojivua na katika viota. Mfano ni Thaumetopoea processionea, nondo wa mialoni aliyegunduliwa London mwaka 2006: viota vyake vilivyohamwa huweza kuwasha kwa miaka kadhaa.

3.0 Madhara kwa Bustani

Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania na Kenya mwaka 2017. Huharibu mahindi kwa kiwango kikubwa, ilhali mwili wake una vinywele vichache tu visivyowasha. Viwavi wenye manyoya, kwa upande wao, huweza kumaliza majani ya tawi au mti mzima, lakini mti uliokomaa na wenye afya kwa kawaida huchipua tena. Miche michanga ndiyo inayohitaji kulindwa zaidi.

Aidha, baadhi ya viwavi hawa wana manufaa. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, viwavi wa Anaphe panda hula majani ya mti wa Bridelia micrantha na kufuma kwa pamoja kiota cha hariri kinachoweza kuvunwa. Hata hivyo, kiota hicho hicho hubeba vinywele viwashavyo, hivyo mvunaji hulazimika kujikinga.

4.0 Udhibiti na Huduma ya Kwanza

Kunyunyizia viuatilifu humuua kiwavi lakini huacha vinywele mahali pale pale watoto wanapocheza. Viuatilifu vingi huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwapunguza. Njia bora ni kukagua miti mapema na kuondoa majani yenye mayai. Viota vikubwa viondolewe na mtu aliyevaa glavu, miwani na barakoa. Visifagiliwe wala kuchomwa moto, kwa kuwa vinywele husambaa hewani.

Aliyeguswa asijikune wala kujisugua. Abandike utepe wenye gundi penye mwasho na kuubandua ili unase vinywele, kisha aoge kwa maji na sabuni na kufua nguo zake peke yake. Anayepata shida ya kupumua, au aliyeingiwa na vinywele machoni, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

5.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, kumtambua kiwavi kunapaswa kutangulia uamuzi wa kumwangamiza. Kwa kiwavijeshi, kinacholindwa ni zao. Kwa washawasha, ni ngozi, macho na pumzi ya watu walio karibu, na ulinzi huo haukamiliki mpaka vinywele vyenyewe viondolewe.