Pralini ya New Orleans Haikutoka Ufaransa

Karibu kila maelezo kuhusu pralini, zile peremende bapa za sukari na pekani ambazo ni fahari ya mji wa New Orleans nchini Marekani, huanzia kwa bwana mmoja wa Ufaransa. Huyo ni César wa Choiseul, mwenye cheo cha Plessis-Praslin, jemadari wa karne ya 17. Inasimuliwa kwamba mpishi wake, Clément Jaluzot, alizivika lozi ganda la sukari, wageni wakazipenda, na peremende ikabeba jina la mwajiri badala ya la mpishi. Baadaye walowezi wa Kifaransa walifika Louisiana, wakakosa lozi, wakatia pekani, ile kokwa ndefu yenye mikunjo ambayo ni ndugu wa jozi na asili yake ni mabonde ya Mto Mississippi. Hadithi inaishia hapo, kana kwamba kilichobadilika ni kokwa tu. Simulizi hiyo hurudiwa vitabuni na kwenye maboksi ya madukani, na kwa maoni yangu inapotosha. Ushahidi wa kuipinga haumo katika makabrasha ya historia peke yake. Umo ndani ya sufuria, na yeyote mwenye jiko, mwiko na nusu saa anaweza kuupima mwenyewe.

Tuanze na ile ya Ufaransa, ambayo mji wa Montargis bado unajivunia. Lozi nzima hutiwa katika sukari na maji kidogo. Shira huchemka hadi maji yakauke, sukari hugeuka kama mchanga na kuzishika lozi, kisha mpishi huendelea kuchoma bila huruma mpaka mchanga ule uyeyuke tena na kuwa karameli, joto likiwa limepita nyuzi 160. Kinachotoka ni kokwa moja moja, kavu, yenye ganda gumu linalopasuka menoni. Pralini ya New Orleans huenda njia nyingine kabisa. Shira yake, ambayo siku hizi hupikwa kwa maziwa na siagi, hutolewa motoni mapema sana, kwenye nyuzi 113 hadi 115, wakati bado ina maji yanayokaribia asilimia 15. Kisha hukorogwa inapopoa. Maji hayo machache yanaweza kubeba sukari nyingi yakiwa ya moto tu. Yakipoa, sukari iliyozidi hujitenga na kuwa fuwele, na mwiko unaozunguka bila kupumzika huzifanya fuwele hizo ziwe nyingi mno na ndogo mno. Mafuta na protini za maziwa hujipenyeza katikati yake na kuzizuia zisishikane zikawa mawe. Mchanganyiko hutekwa kwa kijiko na kumwagwa juu ya marumaru au karatasi ya kuokea, nao hutandaa na kuganda kuwa kidonge bapa kinachomumunyuka ulimini. Mpishi wa Montargis anaipita hatua ya fuwele ili aifikie karameli. Mpishi wa New Orleans anaitafuta hatua hiyohiyo ya fuwele na kusimama hapo. Makusudio mawili yanayopingana hivyo hayawezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba lozi zilikosekana.

Anayetaka kuthibitisha apike. Vipimo vinavyofaa jikoni kwa mtu wa kawaida ni gramu 200 za sukari nyeupe, gramu 200 za sukari ya kahawia yenye utomvu, mililita 120 za malai au maziwa mazito ya kopo yasiyotiwa sukari, gramu 60 za siagi, chumvi kidogo sana, kijiko cha chai cha vanila, na gramu 150 hadi 200 za pekani zilizokaangwa kidogo bila mafuta. Sukari ya kahawia ya madukani kwetu mara nyingi ni punje kavu zenye utomvu kidogo, kwa hiyo sehemu yake inaweza kuwa sukari guru iliyokunwa. Utomvu huo una kazi zaidi ya kutia rangi na ladha. Una asidi kidogo na sukari za aina nyingine zinazochelewesha fuwele, na ndiyo maana shira yenye sukari ya kahawia humpa mpishi nafasi ya kupumua. Sukari, maziwa na chumvi huwekwa katika sufuria nzito, kubwa kuliko inavyoonekana kuhitajika kwa kuwa maziwa hufura, na hukorogwa kwa moto wa wastani mpaka sukari yote iyeyuke. Punje zilizonata ukutani mwa sufuria zifutwe kwa brashi iliyoloa maji, maana punje moja ikiangukia shira iliyokwisha kukolea inaweza kuanzisha fuwele kubwa kabla ya wakati. Shira ikifika nyuzi 113 au 114, iondolewe motoni; itiwe siagi, vanila na pekani; iachwe itulie dakika chache; kisha ikorogwe.

Kukoroga huku ndiko kunakopima mkono wa mpishi. Akianza mapema, shira ingali ya moto mno, fuwele huwa chache na kubwa, na pralini hukwaruza ulimi. Akichelewa, huganda sufuriani. Alama ya kufuata ni kwamba mchanganyiko huanza kuwa mzito, mwiko huacha nyuma yake mfuo usiofunga haraka, na mng'ao wa kioo hufifia ukawa kama hariri. Kuanzia hapo wakati uliobaki ni wa kuhesabu kwa sekunde, na vidonge vyote vinapaswa kuwa vimetekwa. Ujuzi wa namna hii haubuniwi mezani kwa bwana. Hupatikana kwa mtu aliyesimama mbele ya sufuria siku nyingi, akaona shira inaharibika, akajua kwa nini, akairekebisha.

Katika New Orleans waliosimama hapo wanajulikana, walau kama kundi. Katika karne ya 19 waliokuwa wakiuza pralini mitaani, karibu na Kanisa Kuu la St. Louis na uwanja wa Jackson, walikuwa wanawake weusi wenye vilemba vichwani na vikapu mikononi. Kabla ya mwaka 1865 baadhi yao walikuwa watumwa waliolazimika kumpelekea bwana mapato yao. Wengine walikuwa huru. Wakati Hispania ilipoitawala Louisiana, sheria yake ilimruhusu mtumwa kujinunua, na biashara ndogondogo za sokoni zilikuwa miongoni mwa njia chache za kupata fedha hizo. Baada ya utumwa kufutwa, pralini iliendelea kuwa kazi ambayo mwanamke angeweza kuianza akiwa na sufuria na sukari tu. Kisha maduka makubwa yakaichukua, na picha ya mwanamke mweusi mwenye kilemba ikachapwa kwenye maboksi ya kampuni ambazo hakuwa na hisa ndani yake. Loretta Harrison, aliyefariki mwaka 2022, anatajwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza mjini humo kumiliki kampuni yao wenyewe ya pralini, tena kwa mapishi aliyorithi katika ukoo. Inasikitisha kwamba jambo hilo lilisubiri hadi mwishoni mwa karne ya 20.

Hata vilivyoingia sufuriani vina historia ya mikono hiyohiyo. Mwaka 1795 Étienne de Boré alifanikiwa kutengeneza sukari ya punje kwa kiwango cha biashara katika shamba lake karibu na mji, na tangu hapo miwa ya Louisiana ililimwa, kukatwa na kuchemshwa na watumwa waliokuwa wakiteka maji ya miwa yanayotokota kutoka birika moja hadi jingine. Aliyeiondoa kazi hiyo ya hatari ni Norbert Rillieux, mzaliwa wa New Orleans wa mwaka 1806, mtoto wa mama mweusi aliye huru, aliyesomea uhandisi Paris. Mtambo wake, uliopewa hataza mwaka 1843, ulitumia mvuke wa chombo kimoja kuchemshia kinachofuata, huku shinikizo la hewa likipunguzwa ili maji yachemke bila joto kali. Sukari ikawa safi zaidi na kuni zikapungua. Kanuni hiyo inatumika hadi leo katika viwanda vya sukari, vya Afrika Mashariki vikiwemo. Upande wa pekani yuko Antoine, mtumwa mtunza bustani wa shamba la Oak Alley, ambaye jina lake la pili halikuandikwa popote. Mbegu ya pekani haizai mti ulio sawa na mama yake. Katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 Antoine alibebesha miti 16 kwa vikonyo vya mti bora, na kokwa za aina hiyo zilipata tuzo katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, tuzo ambayo yeye hakuipokea. Sidai kwamba pralini za wakati ule zilitegemea miti yake, kwa kuwa pekani za mwituni zilikuwa tele. Ninachosema ni kwamba mashamba ya pekani yanayolisha biashara hii leo yanasimama juu ya ufundi aliokuwa wa kwanza kuufanikisha.

Msomaji makini atakuwa na mapingamizi, na yapo yenye uzito. La kwanza ni kwamba jina ni la Kifaransa. Ni kweli, lakini majina ya vyakula husafiri kuliko mapishi. Huko Brussels, Jean Neuhaus alilipa jina hilohilo ganda la chokoleti lenye kitu laini ndani, mwaka 1912, na Wabelgiji hawalazimiki kumshukuru mpishi wa jemadari kwa chokoleti yao. La pili ni kwamba hakuna hati inayomtaja mwanamke aliyekoroga pralini ya kwanza ya New Orleans. Hilo nalo ni kweli, na sitaweka jina pasipo na jina. Lakini hadithi ya Praslin yenyewe ina matoleo kadhaa yasiyopatana, na watu huikubali bila kudai hati. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Watumwa wengi wa Louisiana hawakuruhusiwa kujifunza kuandika, basi kutumia ukosefu wa maandishi yao kama ushahidi dhidi yao ni kuiendeleza dhuluma ileile.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi, nalo linahusu maziwa. Kitabu cha mapishi ya Kikrioli kilichotolewa na gazeti la Picayune mwanzoni mwa karne ya 20 kinapika pralini za pekani kwa sukari ya kahawia, maji na siagi kidogo, bila malai. Wakati huo faji, peremende ya sukari na maziwa inayokorogwa kwa kanuni ileile, ilikuwa ikienea Marekani kupitia vyuo vya wanawake kama Vassar, na Wameksiko walikuwa na peremende zao za maziwa muda mrefu. Je, pralini ya leo si mkopo kutoka huko? Naona maziwa yanaweza kuwa mkopo, na hilo halidhuru hoja. Kitabu hichohicho kinaonyesha kwamba hata bila maziwa wapishi wa New Orleans walikuwa tayari wanamwaga shira inayoganda kuwa mikate bapa ya fuwele, badala ya kuvika kokwa moja moja kwa karameli. Tena kina pralini za nazi, nyeupe na za waridi, ambazo mtu wa Mombasa au Unguja akiziona kwa mara ya kwanza angezitambua kama kashata za nazi. Sidai undugu wa asili kati ya miji hiyo. Wapishi wenye nazi, sukari na jua kali walifikia jibu linalofanana. Lakini mfano huo unatuambia kwamba uti wa pralini ni shira iliyokolezwa kwa kiasi na kugandishwa kwa mwiko, na kokwa huweza kubadilika.

Kwa hiyo anayepika hapa kwetu asihofu kwamba pekani, ambazo nyingi huagizwa kutoka Afrika Kusini na kwingineko na huuzwa ghali, zikikosekana ameukosa utamaduni. Korosho za Mtwara, makademia za Murang'a au karanga zilizomenywa zinafaa, mradi zikaangwe na zisiwe zimetiwa chumvi nyingi. Asiyehitaji kubadilisha abaki na pekani, na azinunue mbichi kwa kiasi cha kutumia, maana karibu robo tatu ya kokwa hiyo ni mafuta na huchacha upesi. Kisichofaa kubadilishwa ni joto na mwiko. Wako wanaosema kipimajoto ni usaliti kwa wapishi wa zamani. Sioni hivyo, kwa sababu wao walipima kitu kilekile kwa kudondosha shira katika maji baridi na kuona kama inafinyangika kuwa kidonge laini, na njia hiyo bado ni nzuri kwa asiye na chombo. Tena mwenye kipimajoto anayeishi Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, lazima apunguze nyuzi tano au sita katika joto la shira ya pralini hii lililotajwa hapa, la sivyo atapata mawe. Wa Dar es Salaam na Zanzibar wana tatizo jingine, lile linalowasumbua watu wa New Orleans siku za mvua: sukari hunyonya unyevu wa hewani, na pralini hunata. Wakati wa masika shira iongezwe nyuzi moja motoni, na vidonge viingie katika kopo lenye kifuniko cha kubana mara tu vinapopoa. Na ikiwa mchanganyiko utagandia sufuriani kabla haujatekwa wote, vijiko viwili vya maji ya moto na moto mdogo vitayeyusha fuwele, shira irudi, na mwiko uanze upya.