Hana mapigo ya mshipa, lakini yu hai

Msomaji, mama mmoja wa hapa Utange alinijia akilia. Kakake aliye Marekani alikuwa ametiwa pampu ya moyo, na wifi yake akampasha kwa simu kwamba mgonjwa hana mapigo mkononi. “Daktari, ama wanificha msiba?” akaniuliza.

Hakuna msiba. Moyo ukishindwa kabisa, na wa kupandikizwa haujapatikana, madaktari huweza kufunga pampu ndogo kifuani. Huvuta damu kutoka upande wa kushoto wa moyo na kuisukuma kwenye mshipa mkuu. Waya hutokea tumboni hadi kwenye betri anazozivaa mgonjwa. Pampu za awali zilidunda, ila zilikuwa kubwa na zikichakaa upesi. Za sasa huzunguka kama pangaboi, mara maelfu kwa dakika, na damu hupita mfululizo kama maji ya mfereji uliofunguliwa. Kidole kitahisi nini hapo? Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alitiwa pampu ya aina hii mwaka wa 2010, akaishi nayo miezi 20 hadi alipopandikizwa moyo mwaka wa 2012.

Walakini mishipa yetu imezoea kudundwa. Kila pigo huutanua ukuta wa mshipa, nao ukarudi kama mpira. Utando wa ndani ukivutwa hivyo hutoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa. Pigo likififia kwa miezi na miaka, utando hulegea kazini, neva zinazobana mishipa huzidi nguvu, na mshipa mkuu huelekea kukakamaa. Presha ikipanda, kiharusi hakiko mbali.

Matumbo nayo huota vijishipa dhaifu. Isitoshe, pampu hukatakata protini inayosaidia damu kuganda, na mgonjwa yuko kwenye dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Ndipo wengine huanza kupata choo cheusi kama lami. Asingoje kesho.

Watengenezaji wamelitambua hilo. Pampu ya HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017, hubadili kasi kila sekunde 2 ili kuigiza pigo. Ni pigo dogo mno. Damu kuganda ndani ya pampu kumepungua sana. Kuvuja damu tumboni kungalipo.

“Basi aweza kuja harusini?” mama akauliza, machozi yamekauka.

Nilimwambia kakake amuulize daktari wake kwanza. Betri hazimalizi siku nzima bila kuchajiwa, na stima ya huku mwaijua. Kuogelea baharini ni mwiko kwa sababu ya waya. Hata mashine yangu ya presha huenda isisome kitu. Hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na wastani usipite 90.

Nilimwandikia karatasi ya kutia mfukoni mwa kakake akija, nikaacha nafasi ya simu ya hospitali yake: “Huyu yu hai. Weka sikio kifuani, pampu yanguruma.”