Tusidanganywe na Namba Fupi

Vikundi vyetu vinapopeleka maji ya kisima kupimwa, pengine majibu hurudi yameandikwa hivi: vijidudu vya kinyesi (E. coli) 3 × 10⁴ kwa mililita 100. Mwenzetu akiona ile 3 husema, "Aah, ni vitatu tu!" La, sivyo.

Ile 4 ndogo iliyo juu inatuambia tuzidishe kwa kumi mara nne. Basi tunaongeza sufuri nne baada ya 3: ni vijidudu 30,000! Ikiwa ni 2.5 × 10³, tunasogeza nukta hatua tatu kwenda kulia: 2,500.

Namba ya juu ikiwa na alama ya kutoa, nukta inakwenda kushoto. Urefu wa kijidudu kimoja ni kama mita 2 × 10⁻⁶, yaani 0.000002. Ndiyo maana hatukioni kwa macho, na hata tukichuja maji kwa leso kinapita.

Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kimoja katika mililita 100. Kwa hivyo tusome ile namba ndogo kwanza, halafu tuchemshe maji mpaka yatokote.