Huenda Si Chango: Yajueni Maradhi ya Kongosho

Tuseme uko Kaole au Mlingotini. Jirani yako amerudi jioni kutoka kunywa tembo la mnazi. Usiku anashikwa na maumivu makali juu ya kitovu, yanapenya mpaka mgongoni. Anatapika, wala hapati nafuu. Kulala chali hawezi. Anaketi ameinama mbele. Mzee mmoja asema, "Chango hilo." Mwingine asema amerogwa. Mizizi inachemshwa, na kunakucha. Je, wewe ungefanyaje?

Huenda si chango. Huenda kongosho limevimba kwa ghafla.

KAZI YA KONGOSHO

Kongosho ni kiungo laini chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kimejificha nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa insulini ya kutawala sukari katika damu, tena hutoa maji makali ya kumeng'enya chakula utumboni. Maji hayo yakianza kazi kabla ya kufika utumboni, kongosho hujimeng'enya lenyewe! Daktari Reginald Fitz wa Boston, Marekani, aliyaeleza maradhi haya waziwazi mwaka 1889.

Mara nyingi chanzo ni vijiwe vya nyongo, au pombe. Lakini kiko chanzo cha tatu, nacho ni mafuta katika damu.

DAMU KAMA TUI

Mafuta hayo huitwa trigliseridi. Yafaa yasifike miligramu 150 katika kila mililita 100 za damu. Yakipita 1,000, kongosho limo hatarini. Damu ya mtu wa namna hiyo ikiachwa itulie kichupani, maji yake huonekana meupe kama tui la nazi. Maji makali ya kongosho huyavunja mafuta hayo, na asidi inayotoka huliunguza kongosho.

Ni nani wa kujihadhari? Mwenye kisukari asiyejitunza, mnywaji wa pombe, na aliyerithi mafuta mengi kwa wazazi wake.

Basi angalieni sana: mgonjwa asipokula, trigliseridi hushuka upesi, pengine kwa siku mbili tu. Akicheleweshwa nyumbani, chanzo hujificha na daktari hakioni. Kolesteroli nayo hushuka wakati wa ugonjwa. Kwa hiyo akiambiwa siku hizo kwamba ni ndogo, asijidanganye. Apimwe tena akiisha kupona.

TUFANYE NINI?

Mpelekeni hospitali usiku ule ule. Ipo Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Na ikibidi, Muhimbili iko Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi. Atatiwa maji mshipani, atapewa dawa ya maumivu, na damu yake itapimwa. Wengi hupona kwa siku chache, lakini wanaozidiwa huweza kufa. Ndiyo maana saa moja ina thamani.

Akirudi nyumbani, aache pombe kabisa, apunguze sukari na vya kukaanga, na mwenye kisukari afuate dawa zake. Nanyi jamaa zake, mwambieni daktari kweli yote, wala msione haya kulitaja tembo. Wazee wetu walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.