Kilo, wiki na virusi vya mtoto

Mama wa mtaa wa Landless akishuka matatu mjini Thika na kumpeleka kliniki mtoto wa wiki 6, kazi ya kwanza ni mzani. Mtoto anavuliwa nguo, analia, nesi anasoma kilo na kutia nukta kwenye kitabu cha mama na mtoto. Wengi huona huo ni utaratibu tu wa kupitisha foleni. Kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi, nukta zile zikianza kulala badala ya kupanda, huenda hiyo ikawa dalili ya kwanza tutakayoiona.

Mtu mzima anaweza kukaa na virusi miaka 8 au 10 kabla ya kuugua. Mtoto mchanga hana muda huo. Kinga yake ingali changa, na virusi vinaongezeka mwilini mwake bila kizuizi cha maana. Dkt. Elizabeth Obimbo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifuatilia watoto walioambukizwa jijini humo enzi ambazo hapakuwa na dawa za ARV za kuwapa. Takriban nusu walifariki kabla ya kutimiza miaka 2. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi kadhaa za Afrika zilisema vivyo hivyo, na zikaongeza kwamba thuluthi moja hawakufika mwaka wa kwanza. Wengi huondoka wakiwa na miezi kati ya 3 na 6, kwa nimonia inayoletwa na kuvu aitwaye Pneumocystis. Ndiyo maana mtoto huanzishiwa dawa ya Septrin akiwa na wiki 6, majibu ya kipimo yawe yametoka au la.

Kipimo chenyewe huwachanganya wazazi. Kile cha haraka, cha kudunga kidole na kusubiri mistari, hutafuta askari wa mwili, na mtoto huzaliwa na askari aliorithi kwa mamake, ambao wanaweza kubaki kwenye damu yake hadi miezi 18. Kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kusema mtoto ana virusi, kumbe hana. Tunachofanya ni kumdunga kisigino na kudondosha damu kwenye miduara ya karatasi maalumu. Karatasi huachwa ikauke, kisha husafirishwa hadi maabara yenye mashine ya PCR, inayotafuta virusi vyenyewe. Kipimo hurudiwa mtoto akiwa na miezi 6 na miezi 12, kwa sababu bado ananyonya. Majibu mazuri ya wiki 6 si cheti cha kudumu, ingawa wazazi wengi huyachukulia hivyo.

Tuna ushahidi wa kutosha kwamba kuwahi kuanza dawa kunaokoa. Afrika Kusini, katika utafiti ulioitwa CHER uliochapishwa mwaka 2008, watoto walioanzishiwa dawa wakiwa na wiki chache tu walipunguziwa vifo kwa asilimia 76 wakilinganishwa na waliongojewa hadi kinga ishuke au waugue. Hapa kwetu, Dkt. Dalton Wamalwa na wenzake walifuatilia watoto wa Hospitali ya Kenyatta walioanza dawa kuanzia mwaka 2004, wengi wao wakiwa tayari hoi. Hata hao, katika miezi michache kinga ilipanda na kilo zikarudi.

Dawa za enzi hizo zilikuwa adhabu. Shira ya lopinavir ilikuwa chungu ajabu, ilihitaji friji kabla ya kugawiwa, na zaidi ya asilimia 40 yake ilikuwa alkoholi. Tangu mwaka 2021 Kenya imekuwa ikitumia dolutegravir ya watoto, kidonge cha miligramu 10 chenye ladha ya stroberi, kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Hapa mzani unarudi kazini: mtoto wa kilo 6 hadi 9 hupewa kimoja na nusu kwa siku, akifika kilo 10 viwili, akifika 14 viwili na nusu, pamoja na dawa nyingine mbili zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja. Mtoto asiyepimwa uzito kila anapokuja hubaki na dozi iliyo kama nguo zilizomkaa mwaka jana, na virusi hujifunza kuikwepa.

Basi mbona watoto bado wanaambukizwa? Mara nyingi ni mama aliyepimwa mwanzo wa mimba akakutwa hana, akaambukizwa baadaye akiwa mjamzito au ananyonyesha. Virusi vipya huwa vingi mno kwenye damu na maziwa, na hakuna anayemshuku. Thika inalijua jambo hili la wenzi kuambukizana kuliko miji mingi: ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa Partners PrEP, ambao mwaka 2011 ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku hupunguza maambukizi kwa mwenzi asiye na virusi kwa asilimia 67 hadi 75. Baba asiyepimwa ni sehemu ya ugonjwa wa mtoto. Nalisema hivyo waziwazi kliniki, na si akina baba wote wanaofurahi.

Kuna pia kuhama, kunakokatiza matibabu. Kazi ikiisha Thika, familia inahamia Ruiru, na faili ya mtoto inabaki nyuma. Omba barua ya uhamisho, na dawa za kumtosha hadi afike kliniki mpya.

Mtoto akishafika kilo 30, kwa kawaida akiwa na miaka 10 hivi, anaanza kidonge kimoja cha watu wazima, TLD, kilekile anachomeza mamake. Kufikia hapo anajua kusoma, na nyumbani kuna mikebe miwili yenye maandishi yanayofanana. Mazungumzo kuhusu hali yake yawe yameanza kitambo, kidogokidogo, tangu akiwa na miaka 5 au 6. Ukingoja aulize, huenda akawa ameshaambiwa na mwenzake shuleni.